Uzi wa Mtumbwi Mwekundu

Wajukuu zangu mnaolinda ziwa,

Barua yenu imenifikia, ina muhuri mmoja na sahihi tatu, na nimeisoma mara mbili mbele ya majirani ili wajue kwamba mimi bado ni mtu wa kuandikiwa. Mnasema wafadhili wamewapa mtumbwi mpya, mashine mpya, na sanduku la chuma la kuwekea mafuta. Sanduku lina kufuli la namba, na Jumapili mtapiga kura kuamua ni nani atakayezijua hizo namba. Mnaniomba mimi Vestina, niliyekuwa katibu wa Mtumbwi Mwekundu tangu ulipoanza mpaka magoti yaliponikatalia kushuka ufukweni, niwaandikie maneno machache kuhusu uongozi bora wa kikundi cha kujitolea.

Maneno machache sina. Ninayo mengi, na karibu yote niliyapata kwa kukosea. Kaeni vizuri.

Mimi nilizaliwa Bukavu, ng'ambo tu ya mto Rusizi, kwa wazazi waliokimbia Rwanda kabla sijazaliwa. Baada ya mwaka wa tisini na nne nikarudi huku Cyangugu, nasema nilirudi ingawa sikuwahi kukaa. Nilikuja na watoto wawili na beseni moja. Beseni ndilo lililotulisha. Nilinunua sambaza, dagaa wadogo wa ziwa hili, kwa wavuvi asubuhi, nikawauza sokoni Kamembe, na siku nyingine nikavuka daraja kuwauza Bukavu. Nyinyi mnawajua sambaza wakiwa kwenye sahani. Sisi tuliwajua kwa mikono iliyonuka hata kanisani.

Miaka ile ziwa Kivu lilibeba watu wengi kuliko samaki. Vita vilipopamba moto ng'ambo watu walikimbilia huku, vilipotulia wakarudi kuona kama nyumba zao bado zina mabati, na daraja lilipofungwa walipita majini. Mitumbwi ya watu watano ilibeba kumi na wawili, na magodoro juu. Alfajiri wavuvi walirudi na samaki, na mara nyingine walirudi na maiti. Mvuvi mmoja, Simoni, mtu mrefu wa maneno machache aliyezaliwa hapa na hakuhama kamwe, akachoka kuokota wafu. Akaanza kutoka mchana, wakati wenzake wamelala, kutafuta walio hai. Hakuna aliyemtuma. Kikundi chenu kilianza hivyo, kwa mtu mmoja aliyekosa usingizi. Muhuri ulikuja baadaye sana.

Misheni moja ya huku vilimani ikatupa mashine kuukuu iliyokuwa ikisukuma maji ya kunywa zamani za mapadri wenye ndevu. Fundi akaigeuza ikasukuma mtumbwi. Rangi nyekundu ilikuwa masalio ya milango ya shule. Haikutosha upande wa kushoto, kwa hiyo ukiuona mtumbwi wetu kutoka kisiwa cha Nkombo ulikuwa mwekundu, na ukiuona kutoka Bukavu ulikuwa wa mbao tu.

Mafuta ndiyo yaliyotusumbua. Mashine haili sala. Tukakubaliana hivi: kila mama muuza sambaza, akimaliza kupima samaki wake asubuhi, atie kopo moja la samaki kavu kwenye gunia la mtumbwi. Gunia likijaa linauzwa, mafuta yananunuliwa. Wavuvi kwa upande wao walitoa kazi: kuendesha, kukarabati, kuingia majini. Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, limebonyea ubavuni, na nilikataa libadilishwe. Aliyekuja na kopo jipya zuri nilimwambia, "Hili la zamani linatujua." Watu walidhani ni ukaidi wangu. Ukweli ni kwamba kopo likibadilika, siku hiyohiyo mtu anaanza kuuliza nani alitoa zaidi ya mwenzake, na kikundi cha kujitolea hakifi kwa njaa, kinakufa kwa swali hilo. Hilo liandikeni mahali.

Rais tulimpata kwa sababu ya koti. Alipita mgeni wa shirika fulani, akatupatia makoti manane ya kuelea, akataka kupiga picha na rais wa kikundi. Hatukuwa na rais. Mzee Donati, mshona viatu, ndiye pekee aliyekuwa amevaa koti lenye vifungo vyote, akasukumwa mbele. Alibaki rais miaka kumi na minne. Hakujua kuogelea, na mtumbwi ukiyumba kidogo tu alishika mbao kwa mikono miwili na kumtaja Bikira Maria. Mgeni yule aliacha fomu iliyouliza ni wangapi wanaofaidika na kazi yetu. Nikamuuliza Simoni niandike nini.

"Andika hatubajui," akasema. "Bale benye hawakuzama, beko ku kazi yabo." Yaani wale ambao hawakuzama wako kazini kwao, nani atawahesabu.

Sasa nije kwenye makufuli.

Mzee Donati alikuwa na moyo laini, na moyo laini ukipewa mafuta ni hatari. Msimu mmoja wa ndoa alimkubalia mtu wa Nkombo kumleta bibi arusi kwa Mtumbwi Mwekundu, na maua kwenye mashine. Nilipomwuliza akanijibu, "Maman Vestina, bibi arusi naye eko muntu. Akilowana na ile nguo, nani atamuoa?" Wiki hiyohiyo mtumbwi wa mkaa ukapinduka, na tangi letu lilikuwa na harufu tu. Kwa bahati maji yalikuwa shwari, wakaokolewa kwa kasia. Lakini maneno yalianza. Sisi akina mama tukasema wavuvi wanakula mafuta yetu. Wavuvi wakasema hawa waliotoka Congo wamezoea ujanja, labda hata gunia halifiki sokoni likiwa zima. Wenzetu wenye ndugu Bukavu wakasemwa na pande zote mbili.

Msitucheke. Mlizaliwa watu wakiwa wameshaanza kusalimiana. Wakati ule jirani alikutazama akijiuliza ulikuwa wapi mwaka ule na ulifanya nini, na wewe ulijiuliza hivyohivyo kumhusu. Kuketi kwenye benchi moja ilikuwa kazi kubwa. Ndipo mimi, mwenye mwandiko mzuri, nikatunga sheria. Mafuta yatakaa kwenye sanduku la mbao ufukweni. Sanduku litakuwa na makufuli mawili. Ufunguo mmoja kwa wavuvi, na huo alipewa Simoni. Wa pili kwa akina mama, na huo nilipewa mimi. Bila wote wawili halifunguki. Mwenye ufunguo havuki mpaka wala havuki kwenda visiwani. Akivuka, anauacha kwa msaidizi wake. Atakayevunja kufuli afukuzwe.

Niliisoma mbele ya watu wote, wakapiga makofi. Nilijiona waziri. Na msidhani makufuli yale yalikuwa upumbavu mtupu. Yalituwezesha kuketi pamoja. Ukiwa humwamini mtu, kufuli linakusaidia kumsalimia.

Msaidizi wangu alikuwa Kabibi, muuza samaki mwenzangu, mama wa Bukavu aliyeolewa huku. Alikuwa hodari, mcheshi, na alikuwa na shemeji ng'ambo aliyeuza mafuta kwa chupa kando ya barabara. Huyo shemeji alinikosesha raha. Kabibi hakuwahi kunipa sababu hata moja, wanangu, hata ya sindano. Lakini asubuhi moja ya kiangazi, nilipobeba beseni kuvuka Bukavu, nilifika mlangoni kwake kumwachia ufunguo, nikasimama, nikamfikiria yule shemeji, nikaendelea na safari. Nilifunga ufunguo kwenye pembe ya kitenge changu. Nikajiambia, narudi saa nane.

Saa sita mpaka ulifungwa. Vita vilikuwa vimeanza upya, askari wakasimama darajani, na sisi tuliobaki upande wa pili tukaambiwa turudi tulikotoka. Nililala kwa binamu yangu siku tatu. Mchana ule wa kwanza uliinuka upepo mkali wa kiangazi, ule unaofanya ziwa liwe jeupe, na nilikaa barazani kwa binamu nikiuangalia. Nililalamika juu ya samaki wangu wanaoharibika. Ufunguo ulinichoma pajani kila nilipokaa vibaya, nikausogeza.

Siku ya nne walituruhusu kupita. Nilishuka moja kwa moja ufukweni, na kitu cha kwanza nilichokiona ni sanduku letu limefunguliwa. Kufuli la wavuvi lilining'inia zima. Kufuli letu akina mama lilikuwa limepondwa, limelala mchangani.

Simoni alikuwa ameketi palepale, anashona wavu. Nami sikuuliza lolote. Nilimwita mwizi. Nilisema kwamba sasa tumejua, kwamba watu wa hapa hawatatuheshimu kamwe, kwamba akina mama hawatatia tena hata mkia wa sambaza kwenye gunia lile. Niliyasema kwa sauti ya sokoni, watu wakakusanyika. Yeye aliweka sindano chini, akasimama, akavua kofia.

"Maman, ni mimi njo nilivunja," akasema. "Nimekosa."

Angeweza kunimaliza kwa sentensi moja mbele ya ufuko mzima, na hakufanya hivyo. Ni Kabibi aliyekuja kunishika mkono kutoka nyuma. Alikuwa amejifunika blanketi mchana kweupe, na midomo yake imepasuka.

"Maman Vestina, nyamaza kwanza," akasema. "Mi nilikuwa mu maji."

Kabibi alikuwa Nkombo siku ile ya upepo, amekwenda kuchukua sambaza, na mtumbwi ukapinduka wakirudi, mbele ya macho ya watu wa ufukweni. Walikuwa watano. Waliojaribu kwa kasia walirudishwa na mawimbi. Simoni alifungua kufuli lake mara moja, kisha akakimbia kwangu kutafuta ufunguo wa pili. Hakunikuta. Akakimbia mahali nilipotandaza samaki wangu, akakimbia kanisani tulikofanyia mazoezi ya kwaya, akarudi. Katika mbio zote hizo alikuwa akilinda heshima yangu na ya akina mama wote, kwa sababu alijua kuvunja lile kufuli ni kuvunja nini. Mwishowe akachukua jiwe la nanga. Akawafikia, akatoa wanne wakiwa hai. Wa tano, Elia, mpiga kasia wa Nkombo, alikuwa ameushikilia mtumbwi uliopinduka ili wengine wajilaze juu yake, na mikono ilikuwa imemwishia nguvu, akazama kitambo kidogo kabla.

Kitambo kidogo. Nimeupima muda huo maisha yangu yote. Ni kutoka ufukweni hadi mlangoni kwangu, hadi nilipotandaza samaki, hadi kanisani, na kurudi. Na kama ningemwachia Kabibi ufunguo, sheria ingembakiza nchi kavu siku ile, na sanduku lingefunguka papo hapo.

Jumapili baada ya misa watu walijaa ufukweni kuliko siku ya uchaguzi. Simoni alipaswa kufukuzwa, na katibu ndiye msomaji wa sheria. Nikasimama na daftari. Nikasoma ile ya mvunja kufuli, sauti yangu ikatoka vizuri. Kisha nikasoma ile iliyoandikwa juu yake, ya mwenye ufunguo asivuke mpaka nao, na hapo nikafunga daftari. Nikafungua pembe ya kitenge na kuweka ufunguo juu ya benchi. Nikasema, "Huu hapa. Ulikuwa Bukavu na mimi. Niliuchukua kwa sababu sikumwamini Kabibi." Nililia, sioni haya kuwaambia. Kabibi aliangalia chini.

Wavuvi wakaanza kunung'unika, na akina mama nao, na niliona benchi letu likigawanyika katikati. Hapo ndipo nilipojifunza kwa nini Mungu alimpa Mzee Donati koti. Alilivua, mara ya kwanza kumwona bila koti, akalikunja, akaliweka kando ya ufunguo.

"Tukifukuza Simoni, tufukuze na Vestina," akasema. "Tukifukuza Vestina, munifukuze na mimi juu ya ile arusi. Sasa munielezeye, nani atabakia wa kuokoa bantu? Ile sanduku?"

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi. Lakini macho ya wote yalikwenda kwa mke wa Elia, Maman Neema, aliyekuwa amekaa chini kwenye majani, mtoto mgongoni. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kutuvunja siku ile, na angeinuka akaondoka tu, Mtumbwi Mwekundu ungeishia hapo. Hakuinuka. Alisema akiwa amekaa.

"Bwana yangu alijua kuogelea," akasema. "Alikamata ule mutumbwi juu ya wengine. Sitaki munilipe. Sitaki mufukuze muntu. Nataka ile kadenasi isirudi."

Mvuvi mmoja akauliza, kwa adabu, bila kufuli mafuta yatalindwa na nini. Maman Neema akavuta uzi uliokuwa umechomoza kwenye kitenge alichobebea mtoto, akaukata kwa meno, akauinua.

"Mufunge na hii. Mwenye kuona muntu anazama, akate. Jumapili asimame hapa, aseme alikata juu ya nini."

Ndiyo hiyo sheria yetu, wajukuu. Haikutungwa na mimi mwenye mwandiko mzuri. Bidoni, yaani dumu la mafuta, likafungwa uzi shingoni, na kando yake tukatundika kijiti chenye alama za mkaa. Kila Jumapili kijiti kinachovywa ndani mbele ya watu wote, kila mtu anaona mafuta yalipofika. Uzi ukiwa umekatwa, aliyeukata anasimama na kusema. Mvuvi, mama, mpita njia, hata Mkongomani aliyefika jana, yeyote anaweza kuukata. Katika miaka yote niliyokaa pale ulikatwa bila sababu mara mbili, na mojawapo alikuwa Mzee Donati, aliyesimama mwenyewe akajieleza mpaka tukamwonea huruma.

Kabibi aliniweka wiki tatu bila kunisemesha, na alikuwa na haki. Lakini Jumatatu ile baada ya kikao, mimi nikiwa sijui kama kuna mama atakayetia samaki tena, yeye ndiye aliyelichukua kopo lililobonyea, akalijaza mpaka likamwagika, akatia guniani, akampa mwenzake. Mwenzake akatia. Wiki ya nne akanipa mimi kopo mkononi. Tangu hapo tulikuwa dada mpaka alipofariki, na bado namshukuru kila ninaposikia harufu ya sambaza.

Namshukuru na Simoni. Nilimwita mwizi mbele za watu, akavua kofia. Nilipokwenda kumwomba msamaha nyumbani kwake alinipa uji, akasema upepo ule ulikuwa mbaya. Hakuna siku aliyolitaja tena.

Sasa nyinyi. Fedha za wafadhili zipokeeni, mshukuru kwa mikono miwili. Zamani tajiri mmoja alitaka kutupa pipa zima la mafuta, kwa sharti kwamba tumsafirishie mizigo mara mojamoja. Tulimkatalia, tukaendelea na kopo letu. Anayetoa bila sharti, mpe kiti. Anayetoa kwa sharti, mwulize sharti hilo litafanya nini siku ya upepo. Hata sanduku la chuma lipokeeni. Tunzieni humo makoti ya kuelea yasiliwe na panya. Wafadhili wakisema bila namba hakuna uaminifu, waleteni kwangu, nitawapa kiti na uji, na nitawaonyesha ufunguo nilio nao mpaka leo, hauna kufuli.

Sheria zenu ziandikeni, mimi siwezi kuwakataza kuandika. Lakini kila mkimaliza kuandika moja, mmoja wenu atoke nje, asimame ukingoni, ajifanye ndiye yuko majini. Asomewe akiwa palepale.

Na kabla ya kura yenu ya Jumapili, shukeni mapema. Maman Neema bado ndiye anayefunga uzi. Macho yake yamepungua, kwa hiyo mimi namshikia shingo ya bidoni na yeye anapiga fundo, bibi wawili wazee, tunagombana kuhusu mikono yangu inayotetemeka. Akimaliza, anauvuta kwa kidole kimoja. Ukikatika, anaridhika na kufunga mwingine kama huo. Ukikataa kukatika, anaufungua na kuanza upya.